Kikombe Alichoonja Uwimana

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Clotilda Nduwayo, muuza vitenge wa Kabanga, aliyefariki akiwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa na kisukari. Hakulishwa sumu. Tunarudia, kwa sababu familia imetuomba turudie: Clotilda hakulishwa sumu.

Alikuwa mcheshi. Mteja akizidi kuomba punguzo, alimwambia, "Chukua bure, ila niachie viatu vyako."

Vidonge viliposhindwa, daktari alimwanzishia sindano ya mara moja kwa wiki. Akamweleza kwamba wiki za mwanzo angesikia kichefuchefu. Clotilda akayaandika maelezo yote kwenye karatasi. Kisha akaitia dawa pamoja na karatasi kwenye kifuko cheusi, akakificha kwenye friji la soda la Bi Biubwa, jirani yake sokoni.

"Usimwambie mtu," alimsihi. "Watasema ukishafika kwenye sindano, kaburi limeshachimbwa."

Siku mbili baada ya sindano ya pili, Jumapili, alitoka misani akaenda kwa kaka yake, Paschal. Mke wa Paschal, Uwimana, alikuwa amepika ndizi kwa nyama ya mbuzi aliyenona. Akamimina pombe ya ndizi, akaionja kwanza mbele ya wote, kama desturi yetu inavyotaka, mgeni ajue kikombe ni salama. Ndipo akampa wifi yake.

"Wifi, mbona unadonoa kama kuku mgonjwa? Au mkono wangu umekuwa mchungu siku hizi?"

Clotilda akacheka, akaimaliza sahani. Angemkataliaje wifi yake chakula? Kabla jua halijazama alikuwa ameinama uani, anatapika.

"Umempa nini dada yangu?" Paschal aliuliza.

"Nilionja mbele yako, Baba Keza! Ulikuwa unanitazama!"

"Ulionja pombe. Nyama je?"

Majirani wakaleta dawa ya mitishamba ya kutapisha sumu. Clotilda akanywa bakuli zima. Jumatatu akanywa la pili. Neno moja lingetosha, lakini aliona haya. Ikafika mahali hata maji hayakai tumboni.

Jumanne alfajiri aliushika mkono wa Uwimana. "Wifi, hukunipa kitu. Ni sindano. Iko kwa Biubwa."

Uwimana alimpakia kwenye gari la kwanza kwenda hospitali. Njia nzima alimnywesha maji kwa kijiko, nayo yakarudi. Figo zilikuwa zimeshindwa kazi. Clotilda alifariki Jumatano.

Msibani Uwimana alieleza habari ya sindano, lakini wanawake hawakumwamini; walipita mbele ya chungu chake bila kupakua. Ndipo Bi Biubwa alipofika na kile kifuko cheusi. "Aliniomba nisiseme," alisema, "nami sikusema." Akampa Paschal karatasi. Paschal akaisoma kwa sauti mbele ya waombolezaji: "Kula kidogo, polepole. Epuka mafuta. Ukishiba, acha. Ukitapika mfululizo, rudi upesi."

Siku hizi Paschal humwambia mkewe, "Lete tu maji, usionje." Uwimana huonja.

Poleni sana, Paschal na Uwimana. Pole, Bi Biubwa. Nawe msikilizaji uliyeanza sindano, mwambie japo mtu mmoja nyumbani. Na ninyi mnaompakulia, mpeni sahani ndogo, akiiacha msinune. Akitapika bila kukoma, mpelekeni hospitali, na njiani mwulizeni anatumia dawa gani. Siku mbili nzima nyumba ile iliuliza Uwimana amempa nini wifi yake. Clotilda mwenyewe hakuna aliyemwuliza.