Shangazi wa Mapokezi na Ghorofa Nne Zilizotushinda

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya mapokezi ya kanisa letu, Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Shangazi ni jina alilopewa kazini. Hata wanaomzidi umri humwita hivyohivyo, na hajawahi kulalamika.

Alipoajiriwa, sisi tulikuwa chini kabisa katika jengo hili na juu yetu walikuwa mawakili na mawakala wa bima. Mji ukabadilika. Ghorofa ya kwanza wakaingia watu wa kutafakari, wanaofumba macho saa nzima bila kusinzia, jambo ambalo waumini wetu hawaliwezi hata kwa mahubiri ya dakika ishirini. Ya pili akaja mnajimu. Ya tatu, wauza mawe ya kuleta utulivu. Ya nne, chama cha watu wasioamini chochote, ambao hawakosi kikao hata kimoja.

Kanisa halikulala. Liliunda Kamati ya Kuufikia Mji, na mimi ndiye katibu wake. Kwa miaka sita tumeufikia mji kwa nguvu zote bila kutoka chumba cha mikutano. Tuna mkakati wa kurasa tisini na nne, wenye mishale mingi sana. Tulimwalika mtaalamu atufafanulie majirani zetu wanaamini nini. Shangazi, aliyekuwa akileta chai, alimsahihisha mara nne, kwa adabu, kisha akaombwa aongeze vikombe.

Alivyojua yeye ni kwa njia ya kizamani: aliwauliza. Lifti ikiharibika, na haichoki kuharibika, watu wa juu hupumzika kwenye benchi la mapokezi kabla ya kupanda ngazi. Shangazi aliwapa maji, akawasikiliza, akawabishia. Mwenyekiti wa wasioamini alibishana naye juu ya Mungu kila Jumanne kwa miaka minne. Shangazi alipolazwa, huyo ndiye aliyepiga simu ofisini kuuliza kulikoni. Sisi tulidhani yuko likizo.

Kazi kubwa ya kamati ilikuwa vipaza sauti. Tulivifunga dirishani, midomo juu, ili injili ipande ghorofa hadi ghorofa. Ikapanda. Siku ya pili yakashuka malalamiko, na afisa wa manispaa akatuonya kwamba akisikia tena atatufungia. Kamati iliita hali hiyo vita vya kiroho. Shangazi aliiita makelele, akapanda ngazi zote kuomba radhi kwa niaba yetu. Hatukuwa tumemtuma, kwa hiyo tulimpa barua ya onyo.

Kwa mnajimu aliukuta mlango wazi na mtu mzima analia. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile, na hakuna nyota iliyokuwa imemdokeza. Wateja wake hawakuonekana tena. Nani anataka bahati kutoka kwa mfiwa? Siku tisa mfululizo Shangazi alikwenda kwake akitoka kazini. Alipika, akaosha vyombo, akakaa. Hakuhubiri. Siku ya sita mnajimu akaanza mwenyewe.

“Shangazi, huyo Yesu wenu aliwahi kufiwa?”

“Alifiwa na rafiki yake. Akalia mbele za watu.”

“Akalia? Na uwezo wote ule?”

“Alilia, mwanangu. Lete kikombe nikuongezee chai.”

Jumapili iliyofuata mnajimu alikuwa kiti cha nyuma kabisa, mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Aliuliza maswali mwaka mzima, karibu yote kwenye meza ya mapokezi, kisha akabatizwa. Shangazi alisimama kando yake, akamshikia miwani.

Kamati nayo ilishangilia. Taarifa yetu ya mwaka ilisema: “Matunda ya vipaza sauti: mtu mmoja.” Sentensi hiyo niliitunga mimi. Nikampa Shangazi aichape, naye akaichapa bila kugusa hata nukta, akanirudishia na kuniuliza kama nimekula.

Shangazi, asante, na samahani. La pili lilipaswa kutangulia. Pumzika vizuri, magoti yakupe amani, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Majirani wa huko unakohamia nao tunawatakia heri. Wanadhani anakuja bibi mstaafu.