Jongoo na Viazi vya Asekenye

Lori la gulioni lilipoiacha Soroti, Ijala alijilaza juu ya magunia akajifanya amelala, apate kuwasikiliza vizuri wanawake wawili waliokaa karibu naye, ambao hata hawakujuana.

"Bustani yangu ya viazi nyuma ya nyumba jongoo wameimaliza," alilalama Asekenye. "Nimemwaga majivu, nimewaokota kwa ndoo, wapi."

"Viazi uliviacha ardhini mpaka lini, dada?" aliuliza Apolot, aliyepakata gunia lake.

"Si ndiyo ghala letu? Nachimba vya kupika leo, vingine vinangoja."

"Basi vinawangoja wao. Mwaka juzi walinimalizia na mimi. Siku hizi vikikomaa tu nachimba vyote, nakata vipande, naanika. Ukame huu umenikuta na chakula. Nawashukuru jongoo."

"Kushukuru wadudu? Una wazimu, mwenzangu."

Ijala, ambaye viazi vyake vilikuwa bado ardhini, alifumbua jicho moja.

Lori liliposimama, Apolot alifungua gunia, akamjazia Asekenye kikapu chake kwa vipande vikavu vya viazi. "Wapelekee watoto. Na uwashukuru jongoo."

"Hao, ng'o," alisema Asekenye, amekikumbatia kikapu. "Nakushukuru wewe."