Tsuma wa Mtongwe Aliyekataa Kutia Sahihi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Wa Likoni, wa Kisauni, wa Changamwe. Vuteni pumzi kwanza. Imeingia mpaka chini? Basi shukuruni, maana leo twamkumbuka mtu aliyeitafuta pumzi hiyo miaka sita asiipate.

Jina lake Tsuma. Tsuma wa Mtongwe, fundi wa kukereza vyuma. Alikereza miaka ishirini na miwili katika karakana moja kule Changamwe. Wallahi alikuwa na mkono! Shafti ya boti iingie imepinda, yatoka kwake imenyooka kama sindano.

Sasa, chuma kikikerezwa hushika moto, basi humiminiwa mafuta kipoe. Mafuta yale huruka, yakawa ukungu. Ukungu wa mafuta, wasikilizaji, si mvuke wa chai. Huuoni vizuri, lakini waingia kifuani.

Na dawa yao mafundi ilikuwa nini? Maziwa! Kila siku saa nne asubuhi, kila fundi pakiti yake. Waliamini maziwa huosha mapafu. Tsuma naye aliamini, miaka na miaka. Msicheke, hata mimi ningekunywa. Kikohozi kilipomshika akaenda hospitali, na daktari ndiye aliyemwambia, "Mzee Tsuma, maziwa yaenda tumboni. Kifuani hayafiki."

Akarudi kazini, akaiweka pakiti mezani kwa msimamizi. "Hii mpeni paka. Mimi nataka feni ya kuvuta ukungu."

Mwenzake Gedion, kijana wa bara, akamnong'oneza, "Buda, utafutwa!"

"Nifutwe? Kwani mimi vumbi?"

Feni haikuja. Kikohozi kikazidi. Mkewe, Bi Mwanatabu, alituambia hivi: "Tukishuka ferini asimama mara tatu kabla ya kufika stejini. Nikimuuliza, ati anaangalia mitumba. Tsuma na mitumba wapi na wapi!"

Halafu ikaja karatasi. Msimamizi akamwambia, "Tia sahihi, tukupe kazi ya kukaa getini." Karatasi yasema kifua chake kimeharibiwa na sigara, wala si na ukungu wa kazini. Sigara! Na Tsuma hakuvuta sigara hata siku moja. Narudia, hata siku moja.

Kule getini kuna kiti, kuna kivuli, kuna hewa. Naye alikihitaji kiti kile, jamani. Akakataa. Bi Mwanatabu akamuuliza, "Baba Rahima, kwa nini wajitesa?"

Akamjibu, "Gedion asimama pale pale niliposimama mimi. Nikitia sahihi, kesho naye ataambiwa alivuta sigara."

Amefariki mwezi huu, umri wake miaka hamsini na mitatu. Hakutia sahihi.

Siku ya tatu ya matanga, msimamizi huyo akaja Mtongwe na karatasi ile ile, mjane aitie sahihi. Bi Mwanatabu akamwambia, "Isome kwa sauti, baba, watu wasikie." Akasoma. Alipofika kwenye sigara, matanga yote yakacheka. Bibi mmoja akapaza sauti, "Huyu aliyekuwa akihama kiti mtu akitoa kiberiti tu?"

Msimamizi akaikunja karatasi. Bi Mwanatabu akasema, "Rudi nayo. Mwenyewe aliikataa yu hai na pumzi hana. Sembuse mimi ninayepumua?"

Jumatatu mafundi walikwenda kazini kama kawaida. Wakavaa ovaroli, wakasimama kila mtu penye mashine yake. Hakuna aliyewasha. Leo siku ya nne. Gedion ametwambia, "Feni zifungwe kwanza. Hatutoki, na hatuwashi."

Bi Mwanatabu, Rahima na nduguzo, poleni sana. Mola amrehemu Tsuma, ampanulie kaburi lake.

Nawe msikilizaji, uwe bandarini, uwe kiwandani, uwe gereji ya uchochoroni, fikiri leo. Hewa unayovuta kazini ina nini? Nani ameipima? Uliza. Ukinyamazishwa, uliza tena, na mwenzako aulize nawe. Mmoja hufukuzwa getini, wasikilizaji. Karakana nzima itafukuzwa na nani?