Mwalimu Damas na Nusu ya Mdahalo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti karibu na redio, na anayesonga ugali apunguze moto kidogo, maana habari ya leo haitaki kusikilizwa nusunusu. Mimi ni Saleha Thuwaini, niko nanyi kutoka hapa Tabora. Tunamkumbuka Mwalimu Damas Masolwa. Alizaliwa Lusu, wilaya ya Nzega. Amefariki juma lililopita, na amezikwa huko huko Lusu.

Wengi wenu mlimjua kama mwalimu. Wengine aliwafundisha kuandika, na kwa barua ninazozipokea hapa studio, baadhi yenu mlikuwa mkisinzia. Lakini kabla ya ualimu, Damas alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alisoma Makerere, Uganda, enzi za Mwingereza. Na huko Makerere alikuwa msemaji wa timu ya mdahalo.

Timu hiyo waliianzisha vijana wa Tanganyika. Walikuwa wachache pale chuoni. Wenzao wa nchi jirani waliwatania kwamba Watanganyika ni wapole mno, hata wakikanyagwa huomba radhi wao. Basi wakaunda timu yao, wakaiita Wapagazi. Jina walilitoa kwenye hii njia yetu ya zamani ya misafara, ya kutoka pwani mpaka Ujiji, ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani.

Wapagazi walikuwa na desturi yao. Naomba muishike vizuri, kwa sababu ndiyo iliyomponza Damas. Kabla ya mdahalo, walipiga kura kwa vijiti. Mwenye kijiti kirefu aliunga mkono hoja. Mwenye kifupi aliipinga. Hukuulizwa moyo wako unasema nini. Kisha, mdahalo ukifika nusu, walibadilishana. Aliyeunga mkono alipinga, na aliyepinga aliunga mkono. Wao waliita jambo hilo kubadilisha bega. Msemaji hakuhesabiwa kuwa amesema mpaka awe amesema pande zote mbili.

Makerere kila mtu aliijua desturi hiyo. Tabora hakuna aliyeijua.

Likizo ya mwaka 1957, Wapagazi wanne walivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, wakapanda treni kuja Tabora. Walitaka kufanya midahalo katika miji ya njia ile ya misafara, kuanzia hapa. Mmoja wa wale wanne alikuwa Sikuzani, Mzaramo wa Kisarawe, rafiki mkubwa wa Damas. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo wawili hao walitukanana kuanzia Mwanza mpaka Tabora na abiria wote wakaburudika.

Mkutano wa hadhara siku zile ulihitaji kibali cha Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza. Kibali alikitoa, kwa mdahalo mmoja, ukumbini. Hoja ilikuwa hii: Tanganyika isubiri miaka ishirini kabla ya kujitawala.

Damas akachomoa kijiti kirefu.

Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Ukumbi umejaa. Watu wamesimama mpaka madirishani. Mbele kabisa amekaa Bwana Shauri, mgeni rasmi. Nyuma yake kidogo amekaa Mzee Modest, mkulima wa Usoke, kadi ya chama cha kudai uhuru ikiwa mfukoni mwa shati. Na kwa wanawake, kule nyuma, yupo Marcelina, binti wa Mzee Modest. Huyo Marcelina alikuwa mchumba wa Damas. Posa ilishapokelewa. Tangazo la kwanza la ndoa lilishasomwa kanisani. Yalibaki mawili.

Na Damas anasimama kusema kwamba tusubiri.

"Alisema vizuri," aliniambia Bibi Marcelina mwenyewe. "Mwanangu, alisema vizuri mno. Nikatamani akohoe, asahau, aanguke. Hakuanguka."

Aliuliza nchi ina madaktari wangapi. Aliuliza ina mainjinia wangapi. Alisema mpagazi anayeondoka kabla hajafunga mzigo wake, atauokota njiani. Watu walianza kuguna. Kisha wakaanza kuzomea. Mwishoni kelele zilizidi hata maneno yake ya mwisho yakamezwa. Sikuzani akasimama upande wa kupinga, naye akasema yake, akashangiliwa. Hapo ilikuwa nusu. Hapo walikuwa wabadilishane.

Bwana Shauri akainuka.

Mgeni rasmi akiinuka, mkutano umekwisha. Ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Damas, akamshika mkono mbele ya umati wote, akasema kwa Kiswahili cha bomani, "Leo nimesikia Mwafrika mwenye busara." Askari wakafungua milango. Sikuzani alipaza sauti, "Bado! Kuna nusu ya pili!" Askari mmoja akamsukuma nje, akidhani anataka fujo.

Basi watu wakaondoka na nusu ya mdahalo. Na kwetu Unyamwezi, mtu akisimama barazani akasema neno, neno hilo ni lake. Hakuna habari ya vijiti. Damas alijaribu kueleza pale nje. Mtu mmoja akamjibu, "Kwa hiyo ulikuwa unatudanganya?" Eleza basi, kama unaweza.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Modest, ambaye alikuwa amefikia kwa nduguye hapa mjini. Alimwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee Modest alimtazama, akaendelea kufunga mzigo wake wa safari. Hakuitikia. Wasikilizaji wapendwa, mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Jumapili iliyofuata, tangazo la pili la ndoa halikusomwa. Mzee Modest alikuwa amemwona padri.

Na upande wa bomani nako kulikuwa na kamba. Bwana Shauri alimwita Damas, akamnywesha chai, akamwonya. Masomo yake yalilipiwa na serikali. Akisema siasa mbele ya mkusanyiko wowote bila kibali, ufadhili utakatwa, na Makerere itakuwa imekwisha. Damas aliomba kibali cha kumalizia mdahalo. Akaambiwa mdahalo ulikwisha, tena vizuri sana.

Kwa hiyo alikuwa kati. Akinyamaza, anampoteza Marcelina na jina lake. Akisema, anapoteza chuo kikuu. Ukoo mzima wa Lusu ulikuwa haujawahi kupeleka mtu chuo kikuu.

Siku chache baadaye ukatokea msiba Usoke. Alifariki shangazi yake Mzee Modest, bibi wa watu wengi. Msiba haumfukuzi mtu. Damas akapanda treni kwenda Usoke, akaazima jembe, akachimba kaburi na wanaume wengine. Hakuna aliyemsemesha. Sikuzani alikuwa pamoja naye.

Mwili ukatolewa ndani. Sala zikasomwa. Wachukuzi wakanyanyua jeneza, wakashika njia ya makaburini. Ndipo Sikuzani akajilaza chini, katikati ya njia, chali, mikono kifuani.

Walio wageni, niwaeleze. Mtani ana haki yake msibani. Anaweza kuzuia maziko mpaka apewe chake, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Kwa kawaida hupewa kuku, mambo yakaendelea. Mzee Modest akaagiza kuku aletwe.

Sikuzani akasema, akiwa bado amelala, "Watani zangu, kuku wenu amekonda kama ninyi. Simtaki. Mlikula nusu ya mdahalo wangu kule Tabora, nami sikushiba. Huyu Mnyamwezi mwenye jembe ana deni la nusu ya pili. Aseme, nipishe."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Maana pale pembeni, ameegemea baiskeli, alikuwapo tarishi wa mtemi. Na yanayofika kwa mtemi hufika bomani.

Jua lilikuwa kali. Wachukuzi walikuwa wamesimama na jeneza mabegani. Damas alikuwa akimtazama tarishi. Sikuzani akamwona usoni, na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, ndipo alipoelewa amemwingiza mwenzake wapi. Akanong'ona, "Damas, niambie tu. Nitachukua kuku, niinuke."

Mzee Modest hakusikia mnong'ono huo. Yeye aliona jua, aliona jeneza la shangazi yake, na aliona mtani asiyekataliwa. Ikambidi aseme na kijana ambaye shikamoo yake alikataa kuiitikia. Akasema, "Wewe. Mpe mtani anachotaka, tumzike mama yetu."

Damas akalaza jembe chini, akasema.

Alisema nusu ya pili yote, kando ya njia, mbele ya jeneza. Alisema mtoto hajifunzi kurina asali akiwa amelala ndani. Apande mti, aumwe na nyuki, ashuke na asali yake. Alisema anayekwambia usubiri mpaka ujue, naye ndiye anayeshikilia ngazi, huyo hatakuita kamwe. Alisema tujitawale sasa, na kama tutakosea, tukosee wenyewe. Tarishi hakungoja mwisho. Alipanda baiskeli yake akaondoka, na watu wote wakamtazama mpaka akapotea.

Sikuzani akainuka, akajipangusa vumbi. Alikuwa akilia, na mtani hatakiwi kulia.

Lakini Mzee Modest alikuwa bado amesimama njiani. Akamuuliza Damas, "Kule ulisema tusubiri. Hapa umesema sasa. Zote umezisema vizuri. Mimi nitajuaje ipi ni yako?"

Damas akamjibu, "Baba, ya kwanza ilinipa mkono wa Bwana Shauri. Hii imenitoa chuo. Pima wewe."

Mzee Modest akapima. Akatoka njiani, na shangazi yake akaenda kuzikwa.

Haikupita muda, Damas aliitwa bomani. Hakurudi Makerere tena. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Damas Masolwa hakurudi Makerere tena, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Sikuzani alirudi peke yake, na timu ya Wapagazi haikupata msemaji kama yule. Tangazo la pili la ndoa lilisomwa, na la tatu. Damas akamwoa Marcelina, akaenda naye Lusu, akafundisha shule ya misheni mpaka alipostaafu.

Nilimtembelea Bibi Marcelina juzi, nyumbani kwao Lusu. Nilimpa pole, nikamuuliza kama marehemu alijuta.

"Makerere aliililia," akasema. "Nisikudanganye. Treni ya kwenda Mwanza ikipita tukiwa Tabora, hakuitazama. Lakini kuna kitu kingine. Siku ya uhuru watu walikuja kumbeba juujuu kwa hotuba ile ya Usoke. Akafurahi, akacheza. Usiku akaniambia, 'Marcelina, ile ya Tabora ilikuwa bora kuliko hii, na mwisho wake hakuna aliyeusikia.'"

Nikamuuliza mwisho wake ulikuwaje, kwa sababu hata baba yangu, aliyekuwa ukumbini siku ile, hakuwahi kuniambia. Alisema hakusikia, kwa kuwa naye alikuwa akizomea.

Bibi Marcelina anaujua. Alisimuliwa na mumewe, na aliniambia neno kwa neno. Damas alisema hivi: "Siku tutakapojitawala, tutamsikiliza nani anayetupinga, ikiwa leo hamwezi kunisikiliza mimi niliye mtoto wenu?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, natoa pole kwa Bibi Marcelina, kwa watoto, wajukuu na vitukuu, kwa watu wa Lusu na Usoke, na kwa watani wote wa Uzaramo waliokuja kuzuia jeneza kama inavyopasa. Mungu ampumzishe Mwalimu Damas Masolwa mahali pema.

Nami sina nasaha kubwa ya kuwapa. Mdahalo ulikuwa mwaka 1957. Swali lile liliulizwa katikati ya kelele, hapa hapa Tabora, na waliolizomea wengi wao walikuwa baba zetu. Leo hakuna kelele. Nitanyamaza kidogo hapa redioni, nanyi lijibuni huko majumbani mwenu.