Koki Inayotoa Maji Kama Uzi

Bi Ethel Filemoni, kwetu Mama Nancy, ametumikia watu miaka ishirini na tisa, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu. Anayeandika ni Sultani, mlinzi wa geti na mwenye ufunguo wa tangi. Walitaka aandike karani mwenye elimu, nikakataa. Madarasa yangu ni manne tu, lakini katika kituo hiki cha ushauri hakuna anayemjua Mama Nancy kunishinda mimi, na simtafuti wa kubishana naye.

Alianza Masasi mwaka 1996, muuguzi. Akaona wapo wanaomeza dawa, mwili unapona, na bado wanalia. Akaenda kusomea ushauri nasaha, akaletwa Newala mwaka 2003. Nilimpokea mimi. Nilimbebea sanduku, nikamwambia hapa hatakuja mtu. Nilisema kweli. Miezi mitatu watu walipita mbele ya geti, wakageuka, wakapita tena, kama watu wanaotembea usingizini. Waliogopa kuonekana wanaingia kwa mama wa vichwa vibovu.

Kiangazi kikaja, maji yakawa shida. Mama Nancy akatangaza kwamba mwenye ndoo aje achote kwenye tangi letu la mvua, nyuma ya nyumba. Basi wakaja. Shikamoo mzee, nimefuata maji. Marahaba, pita. Nani kafuata maji kweli na nani kafuata jingine, hata mimi mwenye jicho kali sikujua. Koki ilikuwa mbovu, maji yanatoka membamba kama uzi, ndoo moja nusu saa. Kando yake palikuwa na benchi, na kwenye benchi Mama Nancy anachambua mchicha. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni, miguu yao huioni. Unaona vichwa viwili vinaelea, na maji yanaimba ndani ya ndoo. Sauti hiyo huniingia ndotoni mpaka leo.

Sasa nitaje kosa, ingawa kwangu makosa ni adimu. Mwaka 2009 niliitengeneza ile koki. Jumapili moja nikabadilisha mpira wake, maji yakaruka mpaka ukutani, nikakaa kungoja sifa. Wiki nzima ndoo zikajaa kwa dakika mbili, watu wakajitwisha, wakaenda zao. Benchi tupu. Mama Nancy hakunigombeza. Alichambua mchicha wake peke yake, kisha akaniuliza kama ule mpira wa zamani nimeutupa. Nilikuwa nao mfukoni. Nikaurudisha, nikasema nimeamua mwenyewe.

Wapo walioniruhusu niwataje. Anjelina aliletwa na miaka saba, nyumba yao imeungua, hasemi hata na bibi yake. Mama Nancy hakumhimiza. Mtoto alikaa wiki tatu akitazama maji yakipanda kwenye ndoo. Siku moja ukungu ulikuwa mzito, mimi nasinzia getini, nikasikia sauti ndogo ikisema, "Imejaa." Bibi yake akadondosha kikapu. Leo Anjelina ni mwalimu, na darasa lake lina kelele kuliko yote.

Nikolao na Cecilia walikuja kutoka Chilangala, mke na mume, kila mmoja na ndoo yake na matusi yake. Mama Nancy akawapa ndoo moja, kubwa, washike kishikio wote wawili mpaka nyumbani. Walifika wamelowa, wanacheka. Mpaka leo wanagombana, ila kwa adabu.

Na mimi. Mwaka 2016 mke wangu Ziada alifariki. Haujapita mwezi, mwanangu Abdulrazaki akakata mikorosho mikongwe niliyopanda na mama yake, bila kuniuliza. Nikamwambia asikanyage kwangu. Akahamia Lukuledi. Miaka ikaenda. Asubuhi moja nikachukua ndoo, nikakaa kwenye benchi, mimi mwenye ufunguo wa tangi! Isabela wa mapokezi akanicheka: "Mzee, leo umejipanga foleni mwenyewe?" Nikamwambia nimefuata maji. Ndoo ilijaa, ikamwagika, na huku kwetu maji hayamwagwi ovyo, lakini Mama Nancy aliiacha imwagike mpaka nimemaliza kusema.

Tangu hapo kila nikikaa ananiuliza jambo moja tu: palipokatwa, mtoto alipanda nini? Sikuwahi kwenda kuangalia. Mwezi uliopita, nikijua anatuaga, nilikwenda shambani. Nilikuta mikorosho michanga imejipanga safi, imeanza maua, shamba lote linanukia. Katikati ameacha mmoja mkongwe, ule aliopanda Ziada kwa mkono wake akiwa na mimba ya mtoto huyo. Miaka tisa ulikuwa umesimama pale, nami nimekaa nimenuna getini. Nilimpigia simu. Akasema, "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba. Mengine yaliyobaki kati yetu ni kazi ya Mama Nancy, wala asidhani kustaafu kutamwokoa.

Wafanyakazi tumemnunulia simtanki, tangi la plastiki, kwa ajili ya nyumba yake ya Chiwata. Koki ni mpya, ya dukani, lakini ndani nimeweka ule mpira wa zamani. Koki ya hapa kituoni nimeiwekea mpira mwingine nilioupasua kidogo, ili atakayepokea kazi yake asikose muda wa kusikiliza. Jumamosi tutalipeleka, na Abdulrazaki amekubali kunisaidia kulibeba.

Asante, Mama Nancy, kwa watoto waliopata sauti, kwa nyumba zilizotulia, kwa wazee wakaidi. Uishi kwa raha, ulale usingizi mtamu, mvua ikufikie kila mwaka. Uweke benchi refu tu. Tunakuja wawili, na ndoo moja.