Nguo Kavu za Papa Sévère

"Na zangu, nani atazishika?" Ndivyo alivyouliza Papa Sévère Kashindi siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1995, akiwa amesimama kwenye mchanga wa ziwa, mikono yake imejaa vitenge na mashati makavu ya watu waliokuwa majini wakibatizwa, watu wakacheka, hata Mchungaji Gaspard naye akacheka.

Ndugu na jamaa, waombolezaji wote, naitwa Olga, mtoto wake wa tatu, familia imenipa nafasi ya kuwasomea maisha yake, na wanaonijua kwenye mijadala ya chuo wanajua kwamba sijui kupamba, kwa hiyo mnivumilie.

Papa alizaliwa Lubarika tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Sylvestre na mama Consolée, wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1973, akaja Uvira kwa masomo ya ufundi, akapata cheti chake mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafungua atelye yake, karakana ya kuchomelea vyuma, hapa Kasenga, na ukitembea kutoka hapa hadi Songo, milango mingi utakayobisha ni kazi ya mkono wake.

Tarehe 22 Julai 1989 alimwoa Mama Louise, mahari ikatolewa yote, lakini baraka ya kanisa haikutolewa, kwa sababu kwetu anayebarikiwa lazima awe amebatizwa, Papa akasema tu, "Iko siku", na Mama akaingoja siku hiyo miaka thelathini na tano. Mungu aliwajalia watoto watano, na sote, kuanzia kaka Achille hadi kitinda mimba Bruno, tulibatizwa ziwani, na kila mara Papa ndiye aliyesimama ukingoni, maana kwetu hakuna anayeingia majini bila mtu wa kumngojea na nguo kavu, alishika hata za majirani, wakamwita Kabati, akaitika.

Msidhani hakusikia mwito, aliusikia kuliko wengi wetu, ila ukimwambia habari ya wokovu alikuonyesha mfanyabiashara aliyebatizwa Jumapili na Jumatatu anapunja kipimo cha unga, "Huyo maji ilimuosha nini?", na miye, niliyewashinda wavulana wengi kwenye mijadala, hapo niligeuka nikaenda zangu, mpaka siku moja nikamjibu kwa hasira kwamba anachosema ni kweli lakini si jibu, Mungu hakumwita kwa jina la muuza unga, amemwita kwa jina lake. Alicheka, akashusha miwani yake ya kazi, akaendelea kuchomelea. Na ziwa lilipopanda, maji yakaingia mitaa ya chini, Mama akamwambia, "Papa Achille, weye ulikataa kwenda kwa maji, sasa maji yenyewe iko inakufuata", naye akasema, "Yafike mlangoni, nitayafungulia."

Mwezi wa pili mwaka huu figo zake zilianza kumsumbua, na tarehe 29 Julai tukampeleka hospitali. Jumatano tarehe 7 Agosti Mchungaji Gaspard alikaa kando ya kitanda chake, akamuuliza waziwazi kama anamwamini Yesu leo, naye akajibu, "Nipone kwanza, siwezi kuingia kwa Mungu kama mwizi anayekimbia polisi", Mama akatoka, akakaa chini kwenye korido. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu yule mwizi wa msalabani, aliyepokelewa saa ya mwisho, Papa alimjua vizuri, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusimulia habari zake.

Kesho yake jioni aliniita, "Olga, leta shati yangu kavu", nikadhani ni jasho la homa, nikaleta, nikataka kumvalisha, akakataa kwa kichwa, "Hapana, ishike." Nikaishika, akaitazama mpaka usingizi ukamchukua, na Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, alfajiri, akaaga dunia bila kusema neno jingine.

Tangu hapo wengine wananifuata hapa kilioni wakisema amefika mbinguni, ile shati ndiyo jibu, wengine wananong'ona karibu na masufuria kwamba amepotea, nami nawauliza ninyi nyote, mlimsikia wapi? Mama hunishika mkono kila saa, "Alisema ndiyo?", na siwezi kumdanganya mama yangu, alisema "ishike", basi, pengine ile ilikuwa "ndiyo" yake, lakini "pengine" ni neno zito mno kulibeba nyuma ya jeneza.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Kasenga mliolala nasi hapa nje, mafundi wenzake mliofunga atelye zenu na kumtengenezea msalaba wa chuma, na Mchungaji Gaspard, aliyemuuliza hadi mwisho.

Papa, pumzika kwa amani, nalisema kama ombi mbele ya Mungu, maana habari ya hakika sina.

Na Jumapili ijayo, saa tatu asubuhi, kuna ubatizo ziwani, nitasimama pale pale alipokuwa akisimama. Weye unayesema iko siku, njoo, unipe nguo zako nizishike.