Maji ya Chini ni Mvua ya Nani

Mwaka ule wa ukame, vita bado ikiwaka, tulikaa kwenye benchi mbele ya duka la Alibhai hapa Muyinga, ng'ambo ya pampu ya kisima kirefu. Kadidja alituuzia kahawa. Radjabu, fundi cherehani, tulimwita Waziri kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo wa pampu. Uthmani, fundi baiskeli, alikuwa Radio, hazimiki. Asubuhi hiyo Waziri alikuwa amewafukuza pampuni wanawake wa kambi, watu waliokimbia vilima vyao, eti wanamaliza maji. Sasa alikuwa akijisifu, na sisi tulitikisa vichwa: ndiyo, ndiyo.

— Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Waziri. Hawakusema mpe pampu!

— Kambi peke yake haiwezi kukausha kisima, Radio akapinga. Ni malori ya jeshi. Uzito ule umekandamiza udongo, maji imekimbilia Tanzania. Siku hizi hata maji iko mkimbizi, bana!

— Kwani mvua haitajaza tena? aliuliza Kadidja.

— Maji yakimwagika hayazoleki, mama, Radio akamjibu. Donc, basi, mvua haiwezi kurudi chini.

Irshad, mtoto wa Alibhai, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ni enjenyeri wa maji, alitumwa kutoka Gitega kuja kupima kisima chetu.

— Inarudi, Radio, lakini kidogo sana. Mvua iko na chumvi, ndogo mpaka huwezi kuionja. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Maji ya kisima nimeikuta na chumvi nyingi kupita ya mvua. Maana yake jua linakunywa karibu yote. Kinachoshuka chini ni tone tu.

— Chumvi! Waziri akaruka. Si nilisema? Watu wa kambi wanamwaga maji ya kupikia maharage!

— Na wanaimwaga makusudi, Radio akaongeza. Wametumwa!

— Hapana, wazee wangu. Chumvi hiyo ni ya zamani, kabla ya kambi. Tena hapa mjini mvua haishuki, udongo mgumu kama sahani. Inaingilia kule juu, kwenye kilima kile cha mawe meupe, halafu inatembea chini kwa chini miaka na miaka mpaka kwetu.

Pembeni yetu mwanamke wa kambi, Riziki, alikuwa ametua bidoni lake la maji apumzike. Alitoka kuchota bondeni. Maji yake yalikuwa na rangi ya udongo.

— Samahani baba zangu, alisema. Kilima cha mawe meupe ndiyo kwetu. Nimelima pale, mvua ikininyeshea, mpaka walipotuchomea nyumba. Sasa hii maji mnafunga, ni ya nani?

Mimi nilikunywa kahawa iliyokwisha, nikanywa tena kikombe kitupu.

Mwishowe Waziri akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Mwaga hiyo, dada. Twende nikufungulie.

Riziki alimjibu kwa heshima, bila hasira hata kidogo, na hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama:

— Asante, baba. Lakini ya bondeni ya asubuhi, watoto walishakunywa.